Bolti Nne na Mkanda Mmoja: Kusanifu Saspensheni ya Nyuma ya Pikipiki ya Theluji

Legeza mkanda wa mpira unaozunguka chini ya mashine, ilaze pikipiki ya theluji ubavu, fungua bolti nne, mbili kila upande, na saspensheni yote ya nyuma itatoka kwa mkupuo mmoja. Kinacholala sakafuni ni reli mbili za alumini, mikono miwili ya chuma, shokapu mbili, springi, na rundo la magurudumu madogo ya plastiki. Kinachobaki ni injini, kiti, usukani na skii mbili za mbele. Kwa aliyezoea pikipiki ya barabarani, kilichotoka kinaonekana kuwa kazi yake ni kumpunguzia dereva maumivu ya mgongo. Kazi hiyo ni ya pili. Kilichotoka ndicho kinachoamua kama skii zitashika kona au zitaelea, kama mashine itapanda mlima au itajichimbia shimo, na kama dereva atatua salama baada ya kuruka tuta au atarushwa juu ya usukani.

Mwongozo huu unamlenga anayetaka kusanifu chombo hicho mwenyewe: mwanafunzi wa uhandisi mwenye mradi, fundi anayejenga mashine ya mashindano, au mtu mwenye karakana, mashine ya kuchomelea na majira ya baridi marefu mbele yake. Kosa la wanaoanza ni kukimbilia springi na shokapu, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa dukani na ndizo zenye rangi za kuvutia. Msanifu mzoefu anaziacha mwishoni. Anaanza na karatasi, rula na swali moja: mkanda unavuta wapi?

Reli zilivyokuja

Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alimpoteza mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, katika majira ya baridi ya 1934. Mtoto alihitaji hospitali na theluji ilikuwa imefunga njia. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mfumo wa sproketi na mkanda, na mwaka 1959 akaleta Ski-Doo, mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili. Chini ya mashine hizo za mwanzo mkanda ulibebwa na magurudumu yaliyofungwa kwa makundi, kila kundi na springi yake. Magurudumu hayo yalipita vizuri kwenye theluji laini na kwa mwendo mdogo. Kasi ilipoongezeka, kila gurudumu lilitumbukia kwenye kila shimo, na mkanda uliokuwa kati ya kundi na kundi ulibaki bila kitu cha kuushikilia chini.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Arctic Cat ya Thief River Falls, Minnesota, ilitoa mashine ambazo mkanda wake uliteleza chini ya reli mbili ndefu. Reli ilisambaza uzito kwa urefu wake wote, ikaruka juu ya mashimo madogo, na ikampa msanifu kipande kimoja cha kukitundika kwa mikono miwili. Mpangilio huo ndio uliotawala tangu hapo. Kilichobadilika ni mwendo wa juu na chini. Katika miaka ya 1990 Gerard Karpik na kampuni yake ya FAST, iliyokuwa Eveleth, Minnesota, walileta M-10 yenye takribani inchi 10 za mwendo, na madereva waliozoea kusimama kwenye kila tuta wakagundua kwamba wangeweza kuendelea kukaa.

Tahadhari moja kuhusu takwimu za matangazo: watengenezaji hawapimi mwendo kwa njia moja. Mmoja anapima wima kwenye ekseli ya nyuma, mwingine anafuata upinde wa mkono. Unapolinganisha mashine mbili, chukua rula na upime mwenyewe.

Mkanda unavuta wapi

Sproketi ya kuendeshea ipo mbele, juu, ndani ya kasha refu la alumini lililo chini ya kiti. Injini inapoizungusha, inavuta upande wa juu wa mkanda kuelekea mbele. Upande huo umezunguka magurudumu ya nyuma ya reli, kwa hiyo magurudumu hayo yanavutwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya mvutano wa mkanda, maana nyuzi zote mbili, ya juu na ya chini, zinavuta upande mmoja. Na kwa kuwa sproketi iko juu kuliko reli, mvuto wa uzi wa juu unayainua pia. Fungua mafuta ghafla, na ncha ya nyuma ya saspensheni inajikunja kuelekea kwenye kasha hata kama hakuna tuta lolote.

Reli zinaposukumwa mbele hivyo, zinaisukuma mashine kupitia mkono wa mbele. Mkono huu umefungwa kwenye kasha upande wake wa juu, kisha unashuka ukielekea nyuma hadi kwenye reli. Nguvu inayopita ndani yake inafuata mshazari wake: sehemu inasukuma mashine mbele, sehemu inainyanyua. Mkono uliosimama sana unanyanyua sana. Mkono uliolala unasukuma zaidi na kunyanyua kidogo.

Hapo ndipo usukani wa pikipiki ya theluji unapotengenezwa. Mbele ya mkono huo kuna skii, na kila nyutoni inayoinua kasha inapunguza uzito ulio juu ya skii. Uzito unaohamia nyuma unasaidia mkanda kushika theluji wakati wa kuondoka, lakini ukizidi, dereva anakata kona na mashine inaendelea moja kwa moja kuelekea kwenye miti. Ndiyo maana kwenye mkono wa mbele kuna kamba ya kikomo, ukanda mfupi wenye mashimo unaozuia mkono usifunguke kupita kiasi. Kuivuta tundu moja tu kunalaza mkono kidogo, na dereva anahisi tofauti hiyo mikononi mara moja. Skii zinauma theluji. Kuilegeza kunaziachia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mchoro wa pembeni wa saizi halisi. Weka alama ya sproketi, bolti nne, reli, magurudumu ya nyuma na kitovu cha uzito pamoja na dereva. Chora mstari wa mkono wa mbele, upime pembe yake mashine ikiwa imesimama na dereva amekaa, kisha ikiwa imeinuka hadi kwenye kikomo, kisha ikiwa imebonyea kabisa. Pembe hizo tatu zinaeleza tabia ya mashine kuliko jina lolote la shokapu.

Dereva asisahaulike kwenye mchoro. Mwaka wa modeli 2003 Ski-Doo ilitoa REV, mashine iliyotokana na zile za mashindano ya matuta, ambamo dereva alisogezwa mbele sana na kukaa wima. Mtu wa kilo 90 akisogea sentimita 30 mbele, uzito wote wa mashine unagawanyika upya kati ya skii na mkanda, na saspensheni ya nyuma iliyochorwa kwa dereva aliyeegemea nyuma haifai tena. Anayenakili jiometri ya mashine ya miaka ya 1990 na kuiweka chini ya kiti cha kisasa anajiandalia skii nzito na mkia mwepesi.

Mikono miwili na uhuru wao

Sehemu hii ndiyo inayowatesa wengi, na inastahili muda. Chora reli moja. Itundike kwa mkono wa mbele na mkono wa nyuma, kila mmoja ukiwa na bawaba juu na bawaba chini. Umepata umbo la pande nne: kasha, mkono, reli, mkono. Mwanafunzi yeyote wa mekanika atakwambia kwamba umbo kama hilo lina uhuru mmoja tu. Mkono wa mbele ukipanda, wa nyuma unalazimika kupanda kwa kiasi kilekile ambacho jiometri imeamua. Reli haiwezi kuinamisha pua yake yenyewe, wala mkia wake.

Mashine ya aina hiyo haipandi tuta kwa upole. Pua ya reli inagonga, nguvu inagawanywa kwa springi zote mbili kwa pamoja, na dereva anapokea kilichobaki. Kwa hiyo wasanifu wanaongeza kiungo kifupi kati ya mkono wa nyuma na reli, kipande kinachobembea. Sasa uhuru ni wawili. Pua inaweza kupanda peke yake, mkia unaweza kubonyea peke yake.

Lakini uhuru kamili nao una gharama. Kumbuka mkanda unavyoikunja ncha ya nyuma. Bila kizuizi, kila unapofungua mafuta mkia unazama, pua inanyanyuka, na skii zinaelea. Na kwenye matuta yanayofuatana, pua inapanda tuta la kwanza, mkia haujajiandaa, kisha mkia unagonga tuta lilelile na kurusha kiti juu. Dereva anarushwa mbele wakati pua tayari inashuka kwenye shimo linalofuata.

Jibu ni vizuizi viwili kwenye kile kiungo kinachobembea, kimoja kila upande wa mzunguko wake. Kimoja kinaacha pua ipande umbali fulani, kisha kinaushika mkono wa nyuma na kuubonyeza pamoja na pua, ili mkia uwe tayari umekunjwa unapofika kwenye tuta. Kingine kinaacha mkia uzame umbali fulani chini ya nguvu ya injini, kisha kinaufunga kwa mkono wa mbele ili skii zisinyanyuke zaidi. Mara nyingi kizuizi ni kipande cha plastiki ngumu chenye pande nne, kila upande na unene wake, na dereva anakizungusha kwa spana ili kuchagua. Upande mnene hufunga mapema, na mashine hutulia kwenye matuta ya kasi. Upande mwembamba huchelewa kufunga, na uzito huhamia nyuma kwa wingi.

Msanifu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza aweke kizuizi kinachorekebishika kwa upana mkubwa kuliko anaodhani atauhitaji. Vipande vya plastiki vya kujaribia ni rahisi kukata. Reli iliyotobolewa mahali pasipofaa ni hasara.

Wa milimani wanachagua vingine. Kwenye theluji ya kina cha kiuno dereva anataka uzito uhamie nyuma na mkanda ujitandaze, kwa hiyo mashine nyingi za mlimani hazifungani kabisa upande wa nyuma au zinafungana kwa kuchelewa sana. Wa mashindano ya matuta, ambao hukaa kitini mara chache, wanafunga mapema.

Hesabu kabla ya kununua springi

Chukua mashine ya mfano. Pamoja na mafuta na dereva ina kilo 350. Tuseme asilimia 65 ya uzito iko juu ya mkanda: kilo 228 hivi, au nyutoni 2,240. Katika hizo, mkono wa nyuma unabeba asilimia 70, yaani takribani nyutoni 1,570, na wa mbele unabeba zilizosalia. Mgawanyo halisi wa mashine yako utaupata kwa kuiweka juu ya mizani, dereva akiwa amekaa kitini na mavazi yake yote. Viatu, kofia ngumu na koti la baridi si vitu vya kupuuza.

Tuseme mwendo wa nyuma ni milimita 300. Dereva akikaa, mashine inapaswa kuketi kiasi cha robo hadi theluthi ya mwendo huo, ili saspensheni iwe na nafasi ya kushuka ndani ya mashimo na si kupanda juu ya matuta peke yake. Ukichagua asilimia 30, inaketi milimita 90. Springi isiyo na mkazo wa awali inayobeba nyutoni 1,570 kwa milimita 90 ina ugumu wa takribani nyutoni 17.4 kwa kila milimita, ukipima kwenye reli.

Ugumu kwenye reli si ugumu wa springi. Kama shokapu inasogea milimita 1 kwa kila milimita 2 za reli, uwiano ni 0.5, na springi inayotakiwa hupatikana kwa kugawa kwa mraba wa uwiano huo: 17.4 kwa 0.25, yaani nyutoni 70 kwa milimita. Wengi wanasahau mraba, wanagawa mara moja, na kununua springi yenye nusu ya ugumu unaohitajika. Hakiki kwa njia ya pili: nguvu kwenye springi ni 1,570 gawanya kwa 0.5, nyutoni 3,140. Imebonyea milimita 45. Unapata 70 tena.

Uwiano huo haubaki palepale. Shokapu iliyolala ndani ya reli hubadilisha pembe yake mikono inapokunjwa. Chora uwiano kila milimita 25 za mwendo na uangalie mkunjo wake. Unataka uongezeke kuelekea mwisho, ili springi ileile ionekane ngumu zaidi mashine inapokaribia kugonga chini. Ukiona unapungua, sogeza bolti ya juu ya shokapu kabla hujachomelea chochote. Springi za kujisokota, zile zinazozunguka ekseli na kuegemea reli kwa mguu mrefu, zina faida ya kukaa pembeni bila kula nafasi ya katikati. Springi za koili juu ya shokapu ni nyepesi, na ndizo zinazopendwa milimani ambako kila kilo inahesabiwa.

Sasa fanya hesabu moja zaidi. Mashine hii ya kilo 350 ikianguka kutoka mita 1, inafika chini ikiwa na nishati ya takribani jouli 3,430. Springi ya nyuma ya mfano wetu, ikibonyea milimita zote 300, inahifadhi jouli 783. Nishati iliyobaki lazima imezwe na springi nyingine, shokapu zote, vizuizi vya mpira, theluji yenyewe na magoti ya dereva. Kwa hiyo kazi kubwa ya kutua ni ya shokapu, na anayejaribu kuitatua kwa springi ngumu atapata mashine inayorudisha pigo lote kwa mpandaji.

Shokapu inageuza nishati hiyo kuwa joto. Kwenye njia iliyoota matuta, pigo baada ya pigo, oili inapata moto, inakuwa nyepesi, na udhibiti unapotea taratibu huku dereva akidhani amechoka yeye. Ndiyo sababu shokapu nzuri zina chupa ya pembeni ya kuongeza oili, na gesi ya naitrojeni inayozuia oili kutoa povu. Asubuhi hali ni kinyume: kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri oili ni nzito na mashine inahisi kama ubao kwa kilomita za mwanzo. Usirekebishe chochote kabla haijapata moto.

Msomaji aliyewahi kupita barabara ya changarawe iliyoota mawimbi anayafahamu matuta haya. Chanzo kinafanana: vyombo vingi vinapita mahali pamoja, kila kimoja kinadunda kidogo, na kila mdundo unachimba palepale uliposhukia wa kabla yake. Kwenye theluji yanakua haraka zaidi. Njia iliyosawazishwa usiku inaweza kuwa na mashimo ya goti kufikia mchana wa Jumamosi.

Mzingo wa mkanda

Mkanda hauvutiki wakati wa kazi. Mikanda ya kawaida ina mzingo wa inchi 121, 129, 137, 146, 154 au 165, na upana wa inchi 15 kwa mashine nyingi, 20 au 24 kwa za kazi nzito. Inchi 137 ni milimita 3,480. Saspensheni yako inaweza kubadilisha umbo kama inavyotaka, lakini njia inayozunguka sproketi, reli na magurudumu lazima ibaki karibu na urefu huo katika kila hatua ya mwendo.

Mkono wa mbele unasaidia hapa. Tuseme una milimita 300 na umeshuka nyuzi 50 kutoka mstari wa ulalo. Ncha yake ya chini iko milimita 193 nyuma na 230 chini ya bolti ya juu. Ikikunjwa hadi nyuzi 20, inakuwa milimita 282 nyuma na 103 chini. Reli zimepanda milimita 127, jambo linalolegeza mkanda, lakini zimerudi nyuma milimita 89, jambo linaloukaza. Ufundi ni kupata urefu wa mkono na mahali pa bolti ambapo mambo haya mawili yanafidiana. Kata reli ya ubao mwembamba, itundike kwa vijiti kwenye ukuta wa karakana, zungusha kamba isiyovutika mahali pa mkanda, kisha isogeze. Kamba itakuonyesha kwa dakika moja mahali inapolegea. Programu ya kuchorea itakupa namba sahihi zaidi, ila ubao unakufundisha kwa nini.

Mkanda uliokazwa mno unakula nguvu ya injini na beringi za magurudumu. Uliolegea mno unaruka meno ya sproketi kwa mlio wa kutisha, mara nyingi wakati wa kufunga breki au kufungua mafuta kwa nguvu, na unaweza kupiga kasha kwa ndani. Hakikisha pia kwamba mashine ikibonyea kabisa, meno ya mpira ya mkanda hayagusi radieta wala vichwa vya bolti. Meno ya mashine ya mlimani yanaweza kufika inchi 3, na nafasi iliyotosha kwa mkanda wa njia haitoshi kwa huo.

Plastiki, barafu na chuma

Chini ya kila reli kuna kiatu kirefu cha plastiki ya polithini ngumu, na chini ya kiatu hicho vibano vya chuma vya mkanda vinateleza siku nzima. Kinachokipoza ni theluji inayorushwa na mkanda. Kwenye barafu tupu au njia iliyoshindiliwa hakuna theluji ya kurushwa, na polithini hii huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Wasanifu huongeza magurudumu pembeni mwa reli ili yabebe sehemu ya uzito, na wenye mashine hufunga vyuma vidogo vya kukwaruza barafu ili vumbi lake lipoze viatu. Ukisanifu kwa ajili ya maziwa yaliyoganda, ongeza magurudumu. Kwa ajili ya mlima, yapunguze, maana kila moja ni uzito.

Namna ya kukifunga kiatu hicho inafundisha mengi. Polithini husinyaa kwa baridi mara kadhaa zaidi ya alumini. Kiatu cha mita 1.4 kilichofungwa karakanani kwenye nyuzi 20 kinapopelekwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri kinapungua takribani sentimita 1, wakati reli inapungua chini ya milimita 2. Ukikifunga kwa skrubu mbele na nyuma, kitapasuka. Kifunge mbele peke yake, ukiachie mkia uteleze ndani ya mfereji wa reli.

Barafu ni adui wa kila pembe ya ndani. Maji yanayoyeyuka karibu na radieta yanashuka kwenye mikono, mashine inasimama kwa chakula cha mchana, na baada ya nusu saa kiungo kinachobembea kimekuwa jiwe. Acha nafasi wazi, epuka vikombe na mifuko ambamo theluji inajishindilia, toboa matundu ya kutolea maji, na weka nipeli ya grisi kwenye kila bushi mahali ambapo bomba la grisi linafika bila kufungua kitu. Mikono ijengwe kwa mirija ya chuma aloi kama 4130. Reli za alumini hupinda hasa karibu na mahali mkono unapofungwa, kwa hiyo usitoboe hapo, na ongeza kibati cha kuimarisha kwa ndani.

Kila theluji na umbo lake

Mashine ya njia hukaa vizuri kwenye inchi 129 hadi 137. Ya mlimani huwa ndefu zaidi, mara nyingi 154 au zaidi. Mkanda wa upana wa milimita 381 unaogusa theluji kwa mita 1.4 unasambaza zile nyutoni 2,240 kwa shinikizo la takribani kilopaskali 4.2, chini ya theluthi moja ya lile la mtu wa kilo 75 aliyesimama kwa viatu vyake. Pua ya reli iwe na mwinuko mpole ili mkanda upande juu ya theluji badala ya kuisukuma kama bamba la greda.

Mlimani kuna jambo jingine: kukata ubavu wa mlima mashine ikiwa imeinama. Reli mbili ngumu zinapinga kuinama. Ski-Doo ililijibu kwa saspensheni ya tMotion, ambayo inaruhusu reli kuinama kidogo kushoto na kulia chini ya kasha. Arctic Cat ilikwenda mbali zaidi kwa mwaka wa modeli 2019 kwa Alpha One: reli moja tu, katikati. Mkanda unajipinda pande zote mbili za reli hiyo na mashine inalala ubavu kwa nguvu ndogo. Kwenye njia ngumu faida hiyo inageuka kuwa myumbo, na ndiyo sababu reli moja imebaki chombo cha theluji ya kina.

Mashine za kazi zina shida nyingine. Mfugaji wa kulungu au fundi wa nyaya za umeme anavuta sleji, anakwama, anataka kurudi nyuma. Mkanda mrefu ukirudi nyuma hujichimbia kwa mkia wake. Mashine za kazi za Lynx, zinazotengenezwa Rovaniemi, Finland, na Skandic za Ski-Doo, zinatumia reli yenye bawaba karibu na mwisho, ili mkia uinuke juu ya theluji mashine inaporudi. Kwa anayesanifu kwa ajili ya kazi, bawaba hiyo ina thamani kuliko inchi tano za mwendo.

Siku ya majaribio

Chagua kitanzi kifupi cha kilomita chache chenye kona, kipande kilichonyooka na matuta. Kipite asubuhi kikiwa laini na alasiri kikiwa kimechimbika. Vuta pete ya mpira kwenye fimbo ya kila shokapu. Mwisho wa kitanzi itakuwa imesimama pale mwendo ulipofikia. Ikiwa pete haijafika robo ya mwisho hata baada ya tuta kubwa, springi ni ngumu. Ikiwa imegonga mwisho mara kwa mara kwenye matuta ya kawaida, ongeza ugumu wa kubonyea kabla ya kubadili springi.

Badili kitu kimoja kwa wakati, ukiandika joto la hewa na hali ya theluji. Skii zikielea kwenye kona, vuta kamba ya kikomo tundu moja, kisha punguza mkazo wa springi ya mkono wa mbele, na mwishowe geuza kizuizi kifunge mapema. Mkia ukirusha, angalia kasi ya shokapu kurejea, maana shokapu inayorejea haraka mno hurusha hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Unapozungusha mkanda mashine ikiwa imeinuliwa kwenye stendi, mtu yeyote asisimame nyuma yake. Jiwe, kipande cha barafu au msumari wa mkanda hutoka kwa kasi ya kutosha kuvunja mfupa. Na mkanda mpya hurefuka kidogo katika safari zake za kwanza, hivyo baada ya siku ya kwanza upime ulegevu wake tena, ukaze bolti za nyuma sawasawa pande zote mbili, uzungushe polepole na kuangalia kama meno yanapita katikati ya reli, kisha ukaze nati za ekseli.